Jinsi ya Kuumaliza Mguu wa Ganzi Ukiwa Nyumbani Kwako Kamuli

Vidole vya miguu vinachomachoma, usiku nyayo zinawaka kama zimepakwa pilipili, asubuhi unakanyaga udongo wa Kamuli kama unakanyaga pamba. Usihangaike. Majirani wana dawa, kila mmoja na yake.

Anza na beseni. Epua maji yanayotokota, tia chumvi, kisha uyapime kwa mguu uleule ulioacha kuhisi. Ukiona hauungui, maji ni mazuri. Kesho malengelenge yakitokea utaambiwa ugonjwa ndio unatoka.

Beseni likishindwa, mwite mchanja chale. Mguu wako hautalalamika. Hiyo ndiyo raha ya ganzi. Au subiri kikombe kingine. Mwaka 2011 watu walipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mizizi ya mti wa mugariga kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyosemwa kuwa yanapona. Bei ile haikumuumiza mtu. Ghali ilikuwa kwa aliyekunywa, akarudi nyumbani akatupa vidonge vyake.

Kisha pitia duka la dawa useme, "Neva zimechoka." Utapewa vitamini B. Ni kweli kwamba B6 hutolewa pamoja na isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, kwa kuwa isoniazidi yenyewe huweza kuumiza neva. Lakini B6 nyingi mno kwa miezi mingi nayo huleta ganzi. Ukifika hapo utakuwa umenunua ugonjwa kwa pesa yako, na risiti unayo.

Jambo moja ulikwepe kabisa: kujua chanzo. Ganzi ya miguu huweza kuletwa na kisukari, na gongo ya miaka mingi, na upungufu wa vitamini B12, na VVU, na ukoma. Yote hayo huweza kuanza na maneno yaleyale, "miguu inawaka," ila dawa zake hazifanani. Neva ndefu kuliko zote ndizo zinazofika vidoleni, kwa hiyo mara nyingi huko ndiko uharibifu unakoanzia, ukipanda taratibu kama soksi. Wewe sema ni uzee.

Ukikosea njia ukaingia zahanati, jihadhari na muuguzi. Atakwambia uvue viatu. Atakwambia ufumbe macho, akuguse wayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, akuulize umeguswa wapi. Utajibu kwa ujasiri kwamba hajaanza. Yeye atakuwa ameshamaliza.

Halafu atakupima sukari, atauliza unakunywa nini na unameza dawa gani, na maumivu yakikunyima usingizi atakuelekeza kwa daktari. Mwisho atakupa kazi ya kufanya nyumbani, maana naye anaamini tiba ya nyumbani, tena kuliko wewe. Yake tu haina ladha. Kila jioni tazama nyayo kwa kioo, au mwite mjukuu mwenye macho makali. Osha kwa maji ya uvuguvugu ambayo mtu mwingine ameyapima kwa kiwiko. Kausha katikati ya vidole. Sugu usiiguse kwa wembe. Usiende migombani peku. Halafu rudi tarehe fulani. Hakuna moshi, hakuna siri ya ukoo. Nani atasimulia hayo kilabuni kwenye rubisi?

Kuhusu kulala: acha miguu nje ya blanketi, chumba kimoja na magunia ya maharage. Tunasema panya huuma na kupuliza. Kwa mguu wako hana haja ya kupuliza. Madaktari wa Dar es Salaam wameshaandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wakagundua kulipokucha.

Na viatu usivikung'ute kabla ya kuvaa. Mzee mmoja wa kwetu alichuma kahawa tangu asubuhi, kifuniko cha soda kikiwa ndani ya buti lake. Jioni akavua, akakatiza sebuleni kwenda kuketi. Alipoona matone ya damu sakafuni alimgeukia mkewe kwa hasira, akauliza ni kuku gani amechinjwa bila yeye kuambiwa.