Hariri ya Barazani

Jirani yangu amenunua ringi za kaboni za baiskeli na tairi za gundi, zile ambazo tyubu hushonewa ndani kisha tairi yenyewe ikagandishwa kwenye ringi. Anasema zinapita barabarani kama hariri. Namwamini. Mwezi huu nimemwona akiziendesha mara mbili. Siku nyingine zote yuko barazani, brashi mkononi: tabaka la kwanza, likauke. La pili, likauke. Kisha tairi ilale usiku kucha. Bibi harusi humaliza hina mapema zaidi.

Ni kweli, waendeshaji wa Paris–Roubaix, mashindano yaliyoanza 1896, walizitegemea miaka mingi kwenye zile barabara za mawe, maana zinameza mtikisiko. Lakini wao hufuatwa na gari la timu, na fundi ndani yake ana gurudumu jingine tayari. Jirani ana mimi.

Juzi kachomwa na mwiba wa mgunga. Tiba: bandua tairi, fumua mshono, ziba tyubu, shona, paka gundi upya. Nikamshauri ampelekee fundi cherehani. Hakucheka.

Sasa anazitaka zisizo na tyubu kabisa, zenye maji ya kuziba pancha. Laini vilevile, eti. Sijamwambia kwamba maji hayo hukauka baada ya miezi michache.

Tukiwa tunajadili, muuza maziwa akapita na baiskeli yake ya chuma, madumu mawili nyuma, tyubu ina viraka vingi kuliko tyubu yenyewe.

"Hamjambo wazee? Bado mnatengeneza?"