Mechi ya Marudiano Huchezwa Barabarani

Kwenye klabu za mazoezi za Dar es Salaam hakuna cheo kinachokimbiwa kama uratibu wa usafiri. Uenyekiti una wagombea. Uweka hazina una wagombea wengi zaidi, na sababu zake zinaeleweka. Lakini akitafutwa mtu wa kuhakikisha kila mwanachama amefika kwake salama baada ya bonanza, kikao kizima huinamia simu.

Kwenda hakuna shida. Klabu ya jogging ya Mbagala ikialikwa Temeke, watu wanaamka kabla ya jogoo, wanapanga mistari miwili, pikapu yenye spika inatangulia, mwenye bendera nyekundu anafunga msafara, na Barabara ya Kilwa inaimbiwa mpaka viwanja vya Mwembe Yanga. Hapo ni viungo, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kisha supu. Supu ndiyo inayoharibu. Mtu aliyetoka Mbagala mbio bila kusimama, akishamaliza bakuli la utumbo na chapati mbili, anauliza kama bajaji inaweza kumfuata palepale kwenye benchi.

Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Watu walitoka, vitambi vikatangulia. Habari ya kuwarudisha majumbani iliachiwa klabu zenyewe, na klabu nazo zikaiachia mifuko ya wanachama, ambayo saa nne asubuhi huwa imeshalipia supu.

Kwa maveterani wa soka mambo ni mazito zaidi, kwa sababu wao hucheza jioni. Klabu moja ya Mbagala ilialikwa Bunju, yaani kulivuka jiji zima kutoka kusini hadi kaskazini, na Kosta ikakodiwa kwa mchango. Mechi iliisha Magharibi ikikaribia. Mratibu, fundi cherehani mpole asiyejua kukataa, akahesabu vichwa. Waliokuja walikuwa 22. Waliokuwa ndani ya gari, 24, na wachezaji wake wawili walikuwa bado hawajapanda.

Wa ziada walijulikana polepole. Mmoja alikuwa mwamuzi, anashukia Mwenge. Mwingine kijana wa wenyeji, ana mchumba Mtoni. Wawili waliobaki hakuna aliyewajua, ila walikuwa wameshakaa viti vya mbele na kila mzee aliyepanda walimpa shikamoo kwa adabu kiasi kwamba kuwateremsha ikawa aibu. Kuhusu wale wawili waliokosekana, mmoja alipatikana msalani na mwingine kwenye simu akisema, "Nipo hapahapa nje, ndugu yangu," huku nyuma yake ikisikika sauti ya mtu anayekatakata nyama choma.

Beki wa kulia alikuwa amevimba goti. Barafu ya maana haikuwepo, hivyo zikanunuliwa barafu za ukwaju kwa mama mmoja jirani na uwanja, zikafungwa gotini kwa soksi. Mpaka Tegeta zilikuwa zimeanza kuyeyuka na mguu umekuwa wa kahawia hadi kwenye kisigino. Gari liliponasa kwenye foleni ya Mwenge, golikipa aliinama akauliza kwa heshima zote, "Mzee, hizo zilizobaki bado unazitumia?"

Kisha ikaja kazi yenyewe ya kushusha watu. Kila abiria anataka gari likate kona mpaka mlangoni kwake, na kila abiria anashangaa ubinafsi wa mwenzake anayetaka hivyohivyo. Suka anasema amelipwa mpaka kituo cha mwisho, si kuzunguka vichochoroni. Na kumwelekeza suka kwenye mitaa ya pembezoni ni elimu ya pekee. Kabla ya Sensa ya Agosti 23, 2022, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ikawekewa nguzo za majina na nyumba zikapata namba. Sensa yenyewe ikahesabu wakazi 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni. Ni watu wengi, na haielekei wapo wengi wanaoikumbuka namba ya nyumba yao saa mbili usiku. Veterani anayerudi kwake anasema, "Ukipita pale palipokuwa na mwembe, ingia kushoto." Kule Kawe watu wanaendelea kushushwa Tanganyika Packers, kwenye kiwanda cha nyama kilichokufa zamani, na hakuna anayepotea.

Anayeona hayo ni mambo ya timu ndogo akumbuke Mei 8, 2021. Siku hiyo Uwanja wa Benjamin Mkapa pale Temeke, wenye viti 60,000, ulikuwa unawasubiri Yanga na Simba saa 11 jioni. Siku hiyohiyo ikatangazwa kuwa mechi imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga walifika saa ya awali, hawakuona mechi, wakaondoka. Simba walifika saa mpya, hawakuona Yanga. Mchezo ukaahirishwa, umati ukarudi makwao usiku bila kuona hata kona moja, na mechi ikaja kuchezwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0. Ukiitazama kwa jicho la fundi wetu, siku hiyo jiji zima lilikuwa Kosta moja isiyo na mratibu.

Akina dada wa netiboli wamewaacha wanaume mbali katika hili. Hakuna anayeteremka peke yake giza likishaingia. Wanaokaa karibu wanashuka pamoja. Bodaboda anachukuliwa wa kijiweni anayefahamika, bei inakubaliwa kwanza, namba ya pikipiki inapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp kabla injini haijawashwa. Kupanda mishikaki ni marufuku, hata kama nauli imebaki ya mtu mmoja. Fundi aliuiga utaratibu huo. Jioni ya kwanza tu aliwakuta maveterani wawili wamepanda pikipiki moja na wavu wa mipira katikati yao, wakidai kwamba mipira haihesabiwi kama abiria.

Akaongeza sharti jingine: kila mtu akifika aandike "nimefika". Zikaingia kumi kwa mpigo, akafurahi. Saa tano usiku mke wa mmoja wao akapiga simu kuuliza mechi inaisha saa ngapi. Kufuatilia, ikaonekana bwana alikuwa amefika kweli, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza amefika wapi. Siku hizi ujumbe unatakiwa utoke kwenye simu ya mama mwenye nyumba.

Kikao cha mwezi huu kilipokea mwaliko kutoka Kigamboni. Ulipita kwa shangwe: wacheze, wale samaki, waoge baharini. Fundi akanyoosha mkono, akauliza kurudi itakuwa kwa pantoni au kwa kuzungukia darajani, na nani atalipa.

"Mratibu, usitutie nuksi," mwenyekiti akasema. "Tutajua hukohuko."