Namna ya Kutogundua Hita Inayovuja

Gari lako limetoka Japani, na kule hita si anasa. Hapa Dar es Salaam hujawahi kuigusa, lakini ipo: rejeta ndogo imejificha nyuma ya dashibodi, na katika magari mengi maji ya moto ya injini hupita humo hata usipoiwasha. Basi inaweza kutoboka bila kukusumbua. Nifuate.

1. Andaa mazingira. Kulanti ni ghali; ikipungua, jazia maji ya kisima, yale ya chumvi. Kutu itafanya kazi usiku na mchana, bila posho.

2. Ukisikia harufu tamutamu ndani ya gari, msifu abiria kwa manukato yake.

3. Kioo cha mbele kikishika ukungu, kifute kwa kiganja. Kikibaki na utelezi wa mafuta-mafuta, laumu waipa. Nunua mpya.

4. Kapeti ya abiria imelowa? Sema ni kiyoyozi. Tafadhali usikandamize tishu nyeupe pale, maana tishu ni mchonganishi: maji ya kiyoyozi hayana rangi wala harufu, ila kulanti itaipaka kijani au pinki, na vidole vitateleza. Wala usionje. Hapo sitanii, kulanti ni sumu, na utamu wake ndio unaowaponza watoto na mbwa.

5. Maji yanapungua kila wiki na chini ya gari ni pakavu. Tangaza kijiweni kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Gasketi ina hadhi bwana. Watu watakusogezea kiti. Hita haina hadhi yoyote. Akitokea fundi mdogo na pampu ya kupimia presha, anataka kuifunga kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa ya baridi, apandishe hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mfuniko, kisha atazame mshale ukishuka huku nje hakudondoki kitu na kapeti inazidi kulowa, mfukuze. Anakuharibia simulizi.

6. Mwaga unga wa kuziba matundu, tena mwingi. Njia za hita ni nyembamba, kwa hiyo zitaziba mapema. Rejeta kubwa itafuata. Sasa una matatizo mawili, na gari lenye matatizo mawili huonekana gari la mtu mwenye shughuli.

7. Umechoka? Chomoa mipira miwili ya hita pale injini inapopakana na kabini, iunganishe kwa kipande cha bomba na klipu mbili. Uvujaji kwisha. Dar nzima hakuna atakayejua.

8. Liuze gari Januari, jua likiwaka. Mteja akisema anatokea Makete au Njombe, ataibonyeza hita hiyo kabla hajauliza bei. Mwambie inachelewa kupata moto, kisha mfungulie redio kwa sauti.