Mlango Mmoja Watosha: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Mtumba

Hongera. Umenunua gari la Japani. Lilipotua Mombasa lilikuwa halijapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kama serikali inavyotaka. Hayo ni ya zamani. Baadaye lilikuwa la mwalimu wa Othaya, likawa la muuza viazi wa Kieni, likawa la kijana aliyelibandika stika za simba. Sasa ni lako: milango minne, ufunguo mmoja, na mlango mmoja tu unaofunguka bila kubembelezwa. Usikimbilie kwa fundi. Fundi atalitengeneza, na Ruring'u nzima, hapa Nyeri, itajua kwamba lilikuwa limeharibika.

1. Tafuta wa kulaumiwa

Ilaumu betri ya rimoti, ile ya duara kama kitufe cha shati, iliyoandikwa CR2032 au namba za ukoo huo. Bei yake ni ndogo na hakuna anayechekwa kwa sababu yake. Julai baridi ya Nyeri ikishuka, una ushahidi wa ziada: baridi hudhoofisha betri kweli.

Tatizo ni kwamba ukibonyeza, milango mitatu inaitika na mmoja umenuna. Hapo betri haina kosa. Labda waya zinazopita kwenye mpira kati ya mlango na bodi zimekatika kwa miaka ya kufungua na kufunga, au kale kamota kaliko ndani ya mlango kamechoka. Abiria wako hayajui hayo. Bonyeza tena kwa hasira, useme, "Betri za siku hizi!"

2. Kuwa muungwana

Mlango wa abiria wa mbele haufunguki kutoka ndani. Mara nyingi ni kibanio cha plastiki kinachoshika kijiti cha kitasa. Kimevunjika, na cha kukibadilisha ni bei ya chai na mandazi. Ukikibadilisha utapata mlango. Usipokibadilisha utapata sifa.

Fanya hivi. Fika kanisani umechelewa kidogo, watu wakiwa bado uwanjani. Zima gari, shuka, funga kifungo cha koti, zunguka mbele ya boneti bila haraka, umfungulie mama watoto mlango. Mpe mkono. Kina mama wa kwaya watanong'onezana, na kufikia Jumatano waume wao watakuchukia hadi Karatina. Mkeo anajua ukweli, kwa hiyo kimya chake kina bei. Lipa bila kubishana. Ila mwambie asizoee kuteremsha kioo na kujifungulia kwa nje. Jambo hilo huvunja ndoa na heshima kwa pamoja.

Mlango wa nyuma nao ukikataa kufunguka kutoka ndani, uchungulie ubavuni kabla ya kuuhesabu kati ya wagonjwa. Utaona kiswichi kidogo cha kuzuia watoto wasijifungulie njiani. Kisukume upande wa pili na mlango umepona. Ukikiacha kilipo si dhambi pia. Ukibeba watu kutoka Kiganjo, abiria asiyeweza kushuka hulipa nauli.

3. Ingia kwa heshima

Mlango wa dereva ukifa kabisa, utaingilia kushoto na kuvuka gia kwa magoti. Ukiwa na suti, Kimathi Way, saa saba mchana, hilo linahitaji maandalizi. Egesha ubavu wa kulia ukiwa umebanana na ukuta. Sasa hata mwenye gari jipya angelazimika kupita kushoto. Ukimwona jirani, laani kwa sauti aliyejenga ukuta huo.

4. Ufunguo ni mambo ya imani

Ufunguo ukiingia swichi ya kuwashia na kukataa kuzunguka, usiulazimishe. Mara nyingi ni usukani uliojifunga. Uvute kushoto na kulia huku ukizungusha ufunguo polepole. Fumba macho ukifanya hivyo. Watakudhania una kipaji.

Kitasa cha mlango kikiwa kizito, fundi wa funguo atakuambia ukipe unga wa penseli. Mafuta, atasema, hulainisha wiki moja, kisha hushika vumbi na kugeuka lami. Mshukuru, halafu mimina mafuta ya kupikia. Vumbi la Kieni litamaliza kazi, nawe utakuwa na hakika kwamba hata mwizi haingii.

Kuhusu nakala: ufunguo uliolika huzaa nakala iliyolika. Namba ya kuuchonga upya ilikuwa kwenye kibati kidogo kilichobaki Japani. Tena nakala ya bei rahisi haina chipu, kwa hiyo itafungua mlango lakini injini haitawaka. Ichonge hivyohivyo. Ni zawadi nzuri kwa shemeji anayependa kuazima gari.

5. Ukifungia ufunguo ndani

Litatokea Chaka, mbuzi akiwa tayari ameagizwa. Baden-Powell, aliyewafundisha maskauti wa dunia nzima kuwa tayari, alizikwa Nyeri mwaka 1941, lakini hapa hakuna aliye tayari kuliko vijana wa stendi. Mmoja atakuja na kabari ya mti na waya wa hanga. Atapanua pembe ya mlango, apitishe waya, abonyeze swichi. Wewe simama kando ukitoa maelekezo: "Kidogo kushoto." Akimaliza kabla hujafika sentensi ya pili, mlipe vizuri. Usimuulize alijifunzia wapi, wala usimwonyeshe unakolala.

6. Liuze

Mnunuzi atoke mbali, Kerugoya au Nanyuki. Kabla hajafika, fungua milango yote, teremsha vioo, useme unalipunga hewa. Akiulizia ufunguo wa pili, uko kwa mama. Washa injini. Sauti ya yule dada aliye ndani ya gari itaanza kusema Kijapani. Anadai kadi ya kulipia barabara za kwao, na amekuwa akiidai tangu Mombasa. Mnunuzi akiuliza anasema nini, mwambie anathibitisha kwamba milango yote iko salama.