Ombi la Kalemela Kuwa Kituo cha Mazoezi cha Taifa

Kumb. Na. PAMBA/MGONGO/01

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi,
Dodoma.

YAH: MAZOEZI YA VIUNGO KWA WATUMISHI, NA GLOVU KWA WAPULIZIAJI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Wakazi wa Kata ya Kalemela, Wilaya ya Busega, wanakusalimu kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma: mwangaluka. Kwa faida ya maofisa ambao mafaili yao bado yanaiweka Busega ndani ya Magu, na Magu ndani ya Mwanza, inakumbushwa kwa heshima kwamba Simiyu ni mkoa tangu mwaka 2012, makao makuu yake ni Bariadi, na ndio mkoa unaoongoza nchini kwa pamba.

Kwanza, pongezi. Taifa hili halina upungufu wa karatasi kuhusu afya ya mfanyakazi. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, upo tangu mwaka 2001. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri asajili mahali pake pa kazi, ampime afya mfanyakazi kabla ya kumwajiri na kila baada ya muda, tena ampatie vifaa kinga. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa moja kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya fidia, na tangu 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unamwangalia anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Kila tarehe 28 Aprili ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi: mabanda yanapangwa, hotuba zinasomwa, watu wanapimwa shinikizo la damu. Siku tatu baadaye ni Mei Mosi, na fulana zinagawiwa.

Kalemela haina cha kupinga hapo. Ina wivu tu.

Pili, mazoezi. Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya kunyoosha viungo. Sababu ilikuwepo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuwa umeonyesha kwamba takriban robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na tisa katika kila mia wana kisukari. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mkulima wa pamba msimu wa palizi huzimaliza dakika 150 Jumatatu asubuhi, kabla ya uji. Kuanzia uji hadi Jumamosi jioni anafanya ziada, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi wala kumkabidhi chupa ya maji yenye nembo ya mfadhili.

Watumishi, kwa upande wao, wanastahili huruma. Kikao kilichopangwa saa tatu kinaanza saa nne na nusu. Chai ya maziwa inakuja na sambusa, chapati na andazi, sukari kila mtu kwa mkono wake. Mchana ni pilau, kuku na soda. Saa tisa alasiri, mjumbe aliyekaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi anasikiliza mada ya mwisho, nayo inahusu madhara ya kukaa. Anasaini posho, anapanda gari hadi hoteli iliyo upande wa pili wa barabara, na usiku anaona kifundo cha mguu kimevimba. Yapo, kweli, mashindano ya SHIMIWI ya wizara na idara za Serikali, ambako mtumishi anaweza kuvuta kamba au kukimbia. Anaweza pia kuiwakilisha idara yake katika bao, drafti na karata, michezo inayotikisa hasa kiwiko.

Kutokana na hali hiyo, Kalemela inaleta ombi: itangazwe kuwa Kituo cha Mazoezi cha Taifa. Haihitaji jengo, mashine wala mkandarasi.

Programu iko tayari. Siku ya kwanza ni kupanda. Wataalamu wa zao hili wanashauri sentimita 60 kati ya mstari na mstari na sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Mwenye kikokotoo atagundua kwamba ekari moja inapata mashimo zaidi ya 22,000, na kila shimo ni lazima mtu aliinamie. Mkurugenzi mwenye kitambi atapewa robo ekari kwa kuanzia. Siku ya pili ni palizi kwa jembe la mkono, na simu zitaachwa chini ya mti. Siku ya tatu, mgeni atabeba mgongoni bomba la kupulizia la lita 15 na kutembea nalo mstari kwa mstari. Ndani yatawekwa maji matupu. Dawa yenyewe ni ya wenyeji. Siku ya nne ataendesha baiskeli yenye gunia kwenye kerea. Mlo ni michembe, matobolwa, mboga za majani na maziwa mgando. Soda haitakuwepo, na kikao cha tathmini kitafanyika kwa kusimama.

Ada ni nafuu: kwa kila kilo itakayopungua kwenye mwili wa mtumishi, jozi moja ya glovu ibaki Kalemela.

Hapa ndipo ofisi yako inaweza kuuliza kwa nini mkulima hajapewa glovu hizo na mwajiri wake. Swali ni zuri, na Kalemela imelifanyia kazi. Mwajiri amepatikana. Ni yeye mwenyewe. Tatizo likaanzia hapo, kwa sababu sheria nzuri zilizopongezwa hapo juu zinawasubiri mwajiri na mfanyakazi wakae pande mbili za meza, na huyu ana kiti kimoja. Kama mwajiri, alipaswa kujipima afya kabla ya kujiajiri, lakini alikabidhiwa jembe akiwa na umri wa miaka saba na hakuna aliyekumbuka kumtafutia daktari. Akiugua, sheria inampa mfanyakazi hadi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mkulima amejiandikia barua ya kuomba, akajikubalia, kisha akashindwa kujilipa. Mgogoro huo wa kikazi umekwama: hajui aanze kugoma au aanze kujifukuza.

Mfuko wa Fidia nao unachangiwa na waajiri kwa ajili ya waajiriwa wao. Mtu aliyejiajiri kwenye ekari tatu hayumo, labda siku moja afanikiwe kujisainisha mkataba mbele ya mashahidi.

Mheshimiwa, suala la bomba linahitaji kusemwa bila utani mwingi. Pamba ina maadui: funza wa vitumba, chawa jani na wengine, na mkulima asiyepulizia anavuna majani. Kwa hiyo kuanzia Januari, mashamba ya Simiyu huwa na watu wenye mabomba mgongoni. Mpuliziaji mara nyingi amevaa kaptura na kandambili. Dawa anaikoroga kwenye ndoo kwa kijiti, mara nyingine kwa mkono. Bomba lililozeeka linavuja, mgongo unalowa, na ngozi iliyolowa jasho hupitisha viuatilifu kwa urahisi zaidi; ngozi ndiyo njia kuu ambayo viuatilifu hupita kuingia mwilini. Pua ya bomba ikiziba, inazibuliwa kwa kupulizwa na mdomo. Upepo ukigeuka, anapumua alichokuwa anawapelekea wadudu.

Baadhi ya dawa za wadudu, hasa za jamii ya oganofosfeti, huvuruga mawasiliano kati ya neva na misuli. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, jasho jingi, mate kujaa mdomoni, macho kuona ukungu na kifua kubana. Jioni, dalili hizo huitwa uchovu, au malaria. Tiba inayosifiwa vijijini ni glasi ya maziwa, ambayo ina faida nyingi lakini haina uwezo wa kuifuata sumu iliyokwisha kupita kwenye ngozi. Chupa tupu, ambayo lebo inaagiza iharibiwe, inasuuzwa na kupewa kazi ya pili ya kuhifadhi mafuta ya taa.

Haya si ya Simiyu peke yake. Kila mwaka wakulima na vibarua wa mashambani sehemu nyingi duniani hudhurika kwa viuatilifu bila kukusudia, na baadhi yao hufa. Juni 2022, Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya katika orodha ya haki za msingi kazini, bega kwa bega na kukataza kazi ya kulazimishwa na ajira ya watoto. Habari hiyo ilitoka Geneva ikafika Dodoma. Kutoka Dodoma hadi Kalemela ndiko usafiri unakosumbua.

Ajabu ni kwamba dawa yenyewe inafika. Ipo Bodi ya Pamba inayosimamia zao, ipo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, vipo vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, ambavyo pamba na pembejeo hupitia mikononi mwavyo. Mnyororo huo unaweza kuitoa chupa kiwandani na kuifikisha kwenye ndoo ya mkulima. Glovu, barakoa, miwani na gambuti, inaonekana, havina nauli.

Ombi hili lisichukuliwe kuwa la wakulima tu. Mwenye ajira rasmi huku naye anaijua sheria kwa kuisoma. Muuguzi wa zahanati ya kijijini, akiwa peke yake zamu ya usiku, anamzalisha mama mmoja huku mwingine akisubiri kwenye benchi. Saa moja ya mapumziko anaipata kwenye Sheria ya Ajira. Mwalimu mwenye darasa lililofurika amepoteza sauti na kupata kikohozi cha vumbi la chaki. Mama lishe anapikia wote hao kwenye mafiga matatu, macho mekundu; Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehamia kwenye nishati hiyo ifikapo 2034, naye ameombwa avumilie moshi kwa sasa. Wavuvi wa Busega wanashinda na miguu ndani ya maji ya Ziwa Victoria, ambako kichocho kina makazi ya kudumu.

Endapo ofisi yako inafikiria kuleta mshauri mwelekezi kufundisha furaha kazini, Kalemela inaomba fedha hizo ziokolewe. Wasukuma walikuwa na mpango huo kabla ya semina kuvumbuliwa. Unaitwa bugobogobo: kundi linaingia shambani na majembe, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja, yanarushwa juu na kudakwa. Mwenye shamba analisha watu na kazi inaisha mapema. Ndani yake mna mazoezi, mshikamano wa wafanyakazi, msaada wa kisaikolojia, na chakula cha mchana kazini. Kilichokosekana ni cheti cha ushiriki.

Masharti ya Kalemela kwa hiyo ni machache. Vifaa kinga viuzwe au vikopeshwe pamoja na dawa, kwenye dirisha lilelile la AMCOS na kwa makato yaleyale ya msimu, kabla upuliziaji haujaanza Januari. Ofisa wa OSHA akija kukagua kiwanda cha kuchambua pamba, aongeze kilomita chache aone shamba ambako pamba hiyo inatoka. Atakaribishwa, na viatu vyake vitasafishwa. Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, imfikie mpuliziaji kabla hajaihitaji. Muuguzi wa usiku apate mwenzake. Kupima afya kusisubiri Aprili 28, wala kusiishie penye kamera.

Wageni wa mazoezi wapokelewe kuanzia katikati ya Novemba, mvua zikianza. Waje bila madereva.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wenye Migongo,
Kata ya Kalemela, Busega, Simiyu.

Nakala kwa:

Bodi ya Pamba Tanzania: kwa taarifa, na kwa kuulizia nauli ya glovu.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu: lebo za chupa ziandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka na babu asiye na miwani.

Uongozi wa SHIMIWI: uone kama kupulizia ekari moja kwa maji kunaweza kuchukua nafasi ya karata.

Kamati za maandalizi ya Mei Mosi: fulana za mwaka huu zishonwe mikono mirefu na kola ya kufunika shingo. Huku zitavaliwa kupulizia.