Daladala Inayopaa

Nyumbani kwetu mtu akikuuliza unasomea nini, usijibu kwamba unasomea kubuni gemu. Mimi nilijibu hivyo kwenye kikao cha harusi, mbele ya wajomba ambao hata bei ya maturubai walikuwa hawajaelewana. Mjomba mkubwa alinitazama kwa huruma, kisha akamgeukia mama: "Kumbe ndiyo maana anakonda." Tangu hapo ukoo umeafikiana kwamba "anasoma kompyuta", na kwa cheo hicho nimerudisha picha zilizofutika, nimefungua simu zilizosahaulika nywila, na nimeitwa hadi msibani kuangalia spika inayokoroma.

Gemu yangu ni ya daladala. Wewe ni konda, ruti ni Mbagala hadi Kariakoo: unaita abiria, unakusanya nauli, unarudisha chenji, unamkwepa trafiki. Naitengeneza kwa Godot, programu ya bure, na bure ndiyo bei pekee ninayoimudu. Nikiifungua, laptop yangu huunguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na mama, ambaye ndiye mnunuzi wa umeme, huchungulia mlangoni: "Hiyo nayo inakula yuniti ngapi?"

Hitilafu ya kwanza ya maana ilikuwa kwamba gari likipita kwenye tuta, linapaa. Sisemi kuruka, nasema kupaa. Linaziacha nyaya za umeme kwa chini, abiria wametulia vitini, na konda bado ananing'inia mlangoni akidai nauli. Tairi lilikuwa linazama kidogo ndani ya tuta, na programu ikikuta vitu viwili mahali pamoja huvitenganisha kwa nguvu. Tuta halisogei, kwa hiyo anayeondoka ni Coaster. Nilikesha nikirekebisha, asubuhi nikawaita watoto wa jirani waijaribu. Wakapita tuta la kwanza, la pili, la tatu. Kimya. Mdogo wao akarudisha simu. "Kaka, mbona umeiharibu?"

Balaa la namna hii lina heshima yake katika kazi hii. Tomohiro Nishikado alipotengeneza Space Invaders kule Japani mwaka 1978, mashine ililemewa na wavamizi waliojaa kwenye skrini; kila mmoja alipouawa mashine ilipata nafuu, na waliobaki wakazidi kwenda mbio. Hakuwa amepanga. Aliona inanoga, akaiacha hivyo hivyo. Nami nimelirudisha tuta moja la kupaa, pale Mtoni Mtongani, na watoto wanalipangia foleni.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa mama mdogo, mwalimu wa shule ya msingi. Nilimpa simu bila maelezo, maana ndivyo inavyotakiwa: mtengenezaji anakaa pembeni, anafunga mdomo, anatazama mtu akicheza. Nyie, kufunga mdomo ni kazi! Mama mdogo alianza kwa kusubiri abiria wote wakae. Viti vimeisha, yeye anasubiri. Saa inakwenda, suka anapiga honi, mimi nauma kidole. Kisha akafika kituo chenye wanafunzi. Wanafunzi wanalipa nauli ndogo, kwa hiyo konda anayewaacha alikuwa anapata pointi nyingi. Akavua miwani.

"Yaani mwanangu, mchezo wako unamtunza mtu anayewaacha watoto wa watu kituoni?"

Nikamwambia mtaani ndivyo ilivyo.

"Mtaani hujapanga wewe. Huu umeupanga wewe."

Nikaenda kijiwe cha bao kupunga upepo. Mzee mmoja aliitikia shikamoo yangu, akaomba aone hiyo simu, akacheza kidogo kwa kidole kimoja, akauliza: "Sasa hapa mtu anaumizwa kichwa wapi?" Sikuwa na jibu, akanionyesha kwenye ubao. Bao la Kiswahili halina picha wala muziki. Ni mashimo 32 na kete 64, basi. Lakini kete yako ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba iliyojaa, huku unakula, una hiari: ulale, au usafiri nayo. Ukisafiri unaweza kumfagia mwenzio, ila nyumba imekwenda na hairudi. Hapo ndipo nimewaona watu wazima wakitoka jasho, kahawa inapoa mkononi, na watazamaji wote wanajua la kufanya isipokuwa mchezaji.

Basi nikapanga upya. Sasa ukiwabeba wanafunzi mapato yanashuka, lakini abiria wa mbele hawabishani nawe kwa chenji. Ukiwaacha unapata hela ya haraka, ila kuna mwalimu mwenye miwani atapanda katika moja ya vituo vinavyofuata, na hujui kipi. Mama mdogo anasema hafanani naye hata kidogo.

Nilipokwenda fildi, ofisi iliyonipokea ilisoma barua yangu, ikaliona neno kompyuta, ikanikabidhi printa. Nimeifahamu printa ile kwa undani, hasa mahali inapopenda kutafuna karatasi. Mtu pekee aliyeuliza habari za gemu alikuwa dada wa uhasibu, tena kwa sababu chakula cha mchana kilichelewa. Alicheza akiwa na kalamu sikioni, akajaza gari safari kadhaa, kisha akanirudishia simu kwa sura ya mtu aliyekuta stakabadhi ya kughushi.

"Hesabu ya tajiri iko wapi?"

"Tajiri gani, dada?"

"Mwenye gari! Konda wako anakusanya kutwa nzima, hapeleki hesabu kwa mtu, mafuta hanunui, suka hamlipi. Huyu si konda, ni mwizi."

Jioni aliniletea jedwali lenye mafuta, matengenezo, faini, posho ya suka na hesabu ya kila siku. Nimeliingiza lote. Hakuna aliyewahi kumaliza wiki tangu siku hiyo, hata yeye mwenyewe. Juzi usiku alinitumia ujumbe: tajiri amemnyang'anya gari, amebaki Mbagala na madeni, na mimi kama mtu ninayefahamiana na tajiri, nimwombee walau siku mbili.