Ufunguo Uko kwa Bibi

Mume wangu hajawahi kuibiwa gari. Alichowahi kuibiwa ni vioo vya pembeni, tena Magomeni, mchana kweupe, yeye akiwa dukani anasubiri chenji. Kesho yake akaenda Gerezani kununua vingine, akauziwa vioo ambavyo mpaka leo anaapa ni vyake mwenyewe: namba imesuguliwa kwa msasa, lakini ule ufa mdogo wa chini kushoto anaujua. Akalipa, akanyamaza, akarudi nyumbani mtu mwingine.

Kwa hiyo aliponunua Toyota Hiace ya mwaka 1998, kipanya kilichostaafu udaladala, akang'oa viti ili tupate gari la kulala safarini, nilijua amani imekwisha. Seremala alitutengenezea kitanda cha mbao chenye madroo chini yake. Nyuma tukaweka jiko la gesi la pleti mbili na mtungi mdogo, pembeni ndoo ya maji yenye koki. Mimi niliona likizo. Baba Zuhura aliona vile vioo vyake vimekua mpaka vimekuwa nyumba nzima yenye magurudumu.

Akaanza kuchonga namba. Kuchonga namba ya gari kwenye vioo na taa ni jambo la kawaida Dar es Salaam, maana kioo chenye namba ya mtu kinamsumbua mwizi kukiuza. Ila yeye hakuishia kwenye taa. Alichonga birika. Alichonga sufuria na mifuniko yake, kisha akachonga na mbuzi ya kukunia nazi. Nikamuuliza ni mwizi gani huyo anayevunja gari usiku kwa ajili ya mbuzi ya nazi. Akasema, "Wewe subiri."

Sitamnyima haki yake, tairi la akiba alilifanyia jambo la maana. Kwenye Hiace linaning'inia uvunguni kwa nyuma, na mwenye spana analishusha bila kugusa mlango. Akalifunga kwa mnyororo na kufuli. Angeishia hapo tungeelewana. Akaongeza kufuli la usukani, akaongeza alamu ya remoti, halafu akamwita fundi umeme aweke swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta. Ukiizima, stata inazunguka vizuri tu lakini injini haiwaki, na mwizi anadhani gari ni bovu. Mimi nilikatazwa kuangalia inapofichwa, kwa sababu eti siri ya watu wawili si siri. Zuhura, binti yetu wa miaka tisa, ndiye aliyemshikia fundi tochi.

Mpwa wake aliyeko Uingereza naye akachochea moto kwa simu. Alimweleza kwamba huko wezi wawili huja na vifaa: mmoja anasimama karibu na mlango wa nyumba ananasa mawimbi ya ufunguo uliolala ndani, mwenzake yuko kwenye gari anayapokea, mlango unafunguka, gari linawaka. Dawa yake ni kuufungia ufunguo ndani ya chuma pande zote, kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1836. Sasa ufunguo wetu sisi ni chuma kitupu kisichosema na mtu, na remoti yetu ya alamu haitoi mawimbi mpaka ibonyezwe. Haidhuru. Vyote vikaviringishwa kwenye foili ya kuokea samaki, vikatiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Tuligombana kweli kwenye jambo moja tu. Alitaka nondo madirishani na komeo la nje kwenye mlango wa nyuma. Nikamwambia ndani mna gesi, mna magodoro ya sponji, mna watu wanne. Moto ukitokea nani wa kutufungulia komeo la nje? Akanijibu kwamba atalala na ufunguo. Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa: "Mimi nitazikwa ardhini, mwanangu. Siokwi ndani ya bati." Nondo zikaishia hapo. Badala yake nikashona mapazia mazito, na naamini yamefanya kazi kuliko kufuli zote, kwa kuwa mwizi asiyeona kilichomo ndani hana sababu ya kuvunja kioo.

Usiku wa kwanza tulilala Korogwe, kwenye kituo cha mafuta, kwa ruhusa ya msimamizi, na mlinzi tukamtolea hela ya chai. Baba Zuhura aliliegesha gari chini ya taa, pua ikitazama barabarani, ili tukivamiwa aruke kwenye kiti na kuondoka. Saa nane usiku mama mkwe akataka kwenda msalani. Akavuta mlango.

Alamu ile inaamsha wafu. Baba Zuhura akakurupuka, akalikumbatia kopo, akavuta donge la foili na kuanza kubonyeza remoti juu kwa juu, bila kuifungua. Anabonyeza, gari linalia. Anabonyeza, gari linalia. Faraday alikuwa sahihi kabisa. Madereva wa malori wakaamka wote, mlinzi akaja na rungu, na mama mkwe akapita katikati yao taratibu na kandambili zake, akaenda alikokuwa anakwenda.

Asubuhi gari halikuwaka. Stata inazunguka, injini kimya. Akaletwa fundi, akainua viti vya mbele, maana injini ya Hiace iko chini yake, akafungua plagi, akafungua filta, akainusa petroli, akatikisa kichwa kama daktari. Jua lilikuwa limeshapanda Zuhura alipotokea na mswaki mdomoni:

"Baba, si umezima ile swichi ya nyuma ya kisahani cha majivu?"

Alisema kwa sauti, mbele ya fundi, kijana wa fundi, mlinzi na vijana wa bodaboda. Fundi akarudisha vifaa vyake na akadai hela yake yote.

Mwizi mwenyewe tulikutana naye Mombo, saa sita mchana, palipojaa watu. Tulisimama kununua ndizi. Baba Zuhura akafunga usukani, hata kwa ndizi. Joto la Mombo ni la tambarare, madirisha yote tumeshusha. Kijana akaja upande wa dereva: "Mzee, tairi lako la nyuma linavuja!" Mume wangu akaruka chini, akachuchumaa. Sisi sote tukachungulia upande huo. Upande wa pili mkono ukaingia dirishani na kuondoka na kibegi chake kutoka kwenye kiti. Tairi lilikuwa zima.

Pesa alikuwa nazo mama mkwe. Ndani ya kibegi mlikuwa na funguo za kufuli zote, pamoja na za akiba. Tukaandikisha polisi, tukapewa RB, tukarudi kwenye gari ambalo hakuna mtu wa kuliendesha, usukani umefungwa na mwenyewe. Kuhusu bima msiniulize. Tuna ile ndogo, ambayo wizi haiulipi, na hela ya kuongezea kubwa ilikwenda kwenye kufuli.

Fundi wa kuchomelea akaja na msumeno wa chuma. Kufuli hakuligusa. Alikata duara la usukani mahali pamoja, akalikunja kidogo, akalichomoa kufuli zima likiwa bado limefungwa, akamkabidhi mwenyewe. Ndizi tulizonunua tulikuwa hatujamaliza kuzila.

"Ndiyo hivyo tu?" Baba Zuhura akauliza.

"Chuma cha kufuli ni kigumu, mzee," fundi akasema. "Cha usukani ni laini."

Kutoka hapo mpaka Soni hakufungua mdomo. Kona za mlima alizikata akiwa ameshika usukani uliofungwa gundi ya karatasi. Lushoto tulikuta baridi, tukaegesha uani kwa dada yake mama mkwe, na mama mkwe akanyoosha mkono. Alichukua ufunguo wa gari na remoti, akavifunga kwenye pindo la kanga panapokaa pesa zake, akalala.

Alfajiri nikamsikia mume wangu ananong'ona.

"Mama, naomba ufunguo."

"Unakwenda wapi?"

"Kuangalia tairi la akiba."

"Lipo. Nimetoka kuliangalia sasa hivi."

Na alamu haikuwa imelia.